Kuwapeleka Watoto Kuona Wanyama

Watoto wetu wengi hapa Nairobi wanamjua simba kwa picha tu. Na kumbe pale Barabara ya Lang'ata, kwenye lango kuu la Mbuga ya Taifa, kuna makao ya wanyama yatima yaliyofunguliwa 1964. Matatu zinapita hapo.

Lakini jipangeni, msije mkarudishwa langoni watoto wakilia. Pesa taslimu hazipokelewi; mnalipa kwa simu kupitia eCitizen. Bebeni vitambulisho. Tangu Juni 2020 chupa za plastiki za kutupwa zimekatazwa. Wekeni akiba kidogo kidogo kila wiki, na nauli ya kurudi isiguswe.

Wanyama msiwalishe. Waelezeni watoto kwamba wengine waliokolewa baada ya kupoteza mama zao.