Kikande na Hesabu ya Mwamba

Leo tunamzungumzia samaki ambaye wanunuzi wengi hawamtafuti. Ukishanunua nazi, ndimu na bizari kwenye soko la Marikiti hapa Mombasa, ukateremka mpaka soko la samaki karibu na Bandari ya Kale, macho yako yatakwenda kwa changu, tafi au nguru. Kikande utampita. Ngozi yake ni ngumu, mgongoni ana mwiba unaosimama ukakaza, na kinywa chake ni kidogo chenye meno ya nguvu. Mmoja wa jamii hii ya samaki, anayeishi kwenye matumbawe yetu, ni wa kijani mwenye mistari ya rangi ya chungwa.

Huyo huwala wale wanyama wa mviringo wenye miba, wanaotuchoma nyayo tukitembea mwambani maji yakitoka. Humpindua mmoja, akamvunja kwa upande wa chini ambako miba ni mifupi. Wanyama hao hula mwani, na wakizidi huuguguna hata mwamba wenyewe. Kikande akivuliwa mpaka aadimike, wao hujaa. Mwani ambao ungewalisha tafi na pono huisha, na matumbawe huliwa upesi kuliko yanavyojijenga. Mvuvi anapandisha lema tupu, asijue kwamba shida ilianza na samaki aliyeuzwa kwa bei ya chini miaka kadhaa nyuma.

Mtafiti Tim McClanahan, aliyeanza kazi kwenye miamba ya Kenya miaka ya 1980, alichapisha mwaka 1995 modeli ya kompyuta ya jambo hilihili. Modeli ya nani anamla nani ni kama daftari la mwenye duka pale Marikiti: kinachoingia na kinachotoka huandikwa, na mwishowe hesabu lazima ikubali. Mwani umeota kiasi gani? Nani kaula? Nani kamla aliyeula? Na mvuvi kachukua kilo ngapi? Kwa makadirio ya kawaida, katika kila kilo 100 za chakula, ni kama 10 tu zinazogeuka kuwa mwili wa mlaji. McClanahan alijaribu humo uvuvi wa namna mbalimbali. Wavuvi walipochukua kila aina ya samaki, wanyama wa miba wakautawala mwamba na mavuno yakashuka.

Hesabu za jamii hii zina historia ndefu. Jeffrey Polovina alitengeneza modeli iitwayo Ecopath huko Hawaii mwanzoni mwa miaka ya 1980. Daniel Pauly, Villy Christensen na Carl Walters wakaiendeleza mpaka ikaweza kuulizwa swali linalotuhusu sana hapa: tukifunga kipande hiki cha bahari, baada ya miaka 10 hali itakuwaje ndani yake, na itakuwaje nje?

Sisi tunacho kipande chetu. Hifadhi ya Bahari ya Mombasa, mbele ya Nyali na Bamburi, ilitangazwa mwaka 1986, ingawa ulinzi wenyewe ulishika mwanzoni mwa miaka ya 1990. Wavuvi walinyang'anywa sehemu kubwa ya mahali pao pa kuvulia, wakalalamika, na baadaye eneo lililofungwa likapunguzwa. Walikuwa na haki ya kulalamika, kwa sababu gharama iliwafikia wao kabla ya faida yoyote. Jumla ya samaki walioshushwa ilipungua. Mvuvi aliyebaki akivua jirani na hifadhi akawa anapata zaidi kwa siku. Kisha watafiti wakaona changu, tafi na kangaja wakivuka mpaka na kuingia kwenye malema yaliyotegwa ukingoni. Anayeipima hifadhi kwa samaki waliomo ndani peke yao hajawapima watu hawa.

Wala anayewahesabu tafi tu hajaupima mwamba. Tafi hurudi mapema. Kikande huchukua miaka mingi mno, na mpaka arudi, wanyama wa miba hawana wa kuwapunguza. Ndiyo maana siafikiani na wanaotaka eneo lifungwe miaka miwili mitatu kisha lifunguliwe kwa sababu samaki wameonekana. Modeli inatuonyesha deni ambalo bado halijalipwa.

Modeli nayo ina mipaka yake. Mwaka 1998 maji yalipopata joto la El Niño, matumbawe yalikufa hata ndani ya hifadhi zilizolindwa vizuri, na hakuna askari wa doria awezaye kulizuia joto. Tena daftari lisiloandikwa vizuri halina faida. Kwenye mabanda mengi ya kushushia samaki, wale wadogo na wasio na bei hutupwa kwenye fungu moja na kupimwa pamoja, kikande akiwa humo. Kwa hiyo nawaomba viongozi wa BMU, yaani vikundi vya usimamizi wa fukwe, wanaonisikiliza: mpimeni peke yake, na muandike alivuliwa kwa lema, mshipi au wavu, na mwamba gani.