Sanduku Letu na Wakimbizi



Swali lililo mbele yetu ni hili: je, sanduku la msaada lifunguliwe kwa wakimbizi, au libaki la wanachama peke yao?

Nchi hii ya Meru yawajua wakimbizi. Tangu mwaka 1942 Tengeru ilipokea Wapolandi wapata 5,000, wengi wao wanawake na watoto, waliokuwa wamehamishwa kwa nguvu hadi Siberia, wakaja kwa njia ya Uajemi. Makaburi yao yapo hata leo. Lakini gharama zao zilibebwa na serikali, si na wenyeji.

Mwaka 1951 mambo yalikuwa mengine. Wameru wapata 3,000 walitolewa Engare Nanyuki, nyumba zikachomwa moto, ili ardhi wapewe walowezi. Wakawa wakimbizi katika nchi yao wenyewe. Wenzao walichanga, na kwa michango hiyo Kirilo Japhet akafika mbele ya Umoja wa Mataifa, New York, mwaka 1952. Ardhi haikurudishwa wakati ule, lakini shauri lilisikiwa.

Basi twaona fungu dogo litengwe kwa nauli na uandishi wa barua, maana aombaye hifadhi aweza kushindwa kwa kukosa karatasi, hata kama chakula anacho. Na kazi ya karatasi, ndugu, ni nani aijuaye kuliko sisi makarani? Mweka hazina atasema fedha ni chache, ni kweli. Twaomba kura ipigwe leo.