Tumpime kwa Mkono na kwa Sikio

Maneno ya mwanachama mmoja wa Kibiti mbele ya wenzake



Nimeombwa niseme machache juu ya kumteua mgombea wa urais. Wapo wasemao, "Hayo ni mambo ya Dodoma, sisi wa huku mikokoni yanatuhusu nini?" Yanatuhusu sana. Anayepitishwa Dodoma ndiye hukata shauri juu ya mto unaopita mlangoni petu.

Kwanza nakiri kosa langu. Mwaka 1995 walibaki watatu: Ndugu Cleopa Msuya, Ndugu Jakaya Kikwete na Ndugu Benjamin Mkapa. Mimi nilimtaka Ndugu Kikwete, na sababu yangu ilikuwa moja tu: ni mtu wa Pwani mwenzetu. Katika kura ya pili Ndugu Mkapa alipata 686 na Ndugu Kikwete 639. Nilinuna. Lakini ni katika utawala wa yule mtu wa Masasi daraja la Rufiji lilijengwa, likafunguliwa mwaka 2003, na sisi tuliokuwa tukingoja kivuko tukapumua. Ndugu Kikwete naye alipata zamu yake mwaka 2005. Tangu hapo mimi simpimi mtu kwa mkoa wake.

Wala jina kubwa si kipimo. Mwaka 1965 TANU iliweka wagombea ubunge wawili wawili, jembe na nyumba, na hapa Rufiji Bibi Titi Mohamed alishindwa. Sisemi wazee wetu walimtendea haki, maana kazi yake ya kudai uhuru haifutiki. Nasema kwamba hawakuogopa kupima.

Sasa tuje mwaka 2015. Waliochukua fomu katika chama chetu walikuwa 42, waliorudisha 38. Wakachujwa wakabaki watano, kisha watatu. Dk. Asha-Rose Migiro alikuwa amepata kuwa Naibu Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa. Balozi Amina Salum Ali aliuwakilisha Umoja wa Afrika huko Marekani. Dk. John Magufuli alikuwa Waziri wa Ujenzi, mtu wa barabara. Nilisema moyoni, huyu ndiye wangu. Wajumbe nao walimpa kura 2,104, Balozi Amina 253, Dk. Migiro 59.

Nilimpima kwa mkono, na mkono ulikuwa wa kazi kweli. Bwawa la kule juu ya mto wetu, lililosemwa miaka mingi, lilianza kujengwa mwaka 2019. Lakini sikumpima kwa sikio. Mwaka 2016 mikutano ya hadhara ya vyama ilizuiwa, isiruhusiwe tena mpaka Januari 2023. Wapo wenzetu waliofurahi, kwa kuwa waliozibwa mdomo ni wapinzani. Mimi sikufurahi. Mwaka 1957 serikali ya Mwingereza ilimzuia Mwalimu kuhutubia, na chama chetu kilionja uchungu huo. Tusimwonjeshe mwingine.

Na sikio hilo tunalihitaji hapa mtoni. Mkulima wa mlau hutaka maji yaje kwa wakati wake na yaondoke kwa wakati wake, ndipo apande. Aprili 2024 mafuriko yaliingia Rufiji na Kibiti, mashamba yakazama, watu wakahama nyumba zao. Sikuja hapa kumhukumu mtu. Lakini mwenye bwawa na mwenye shamba wanakunywa mto mmoja. Asipomsikia mwenzake, mmoja atapata umeme na mwingine atalala na njaa.

Januari 2025 Mama Samia Suluhu Hassan alipitishwa Dodoma akiwa peke yake. Hatukuwa na mwingine wa kumlinganisha naye. Katiba imeweka mwisho wa vipindi viwili, basi kwa uchaguzi wa 2030 chama kitatafuta mtu mwingine. Naomba safari hiyo tupewe nafasi ya kupima, nasi tujiandae kuitumia.

Watakapopita hapa wakitafuta wadhamini, msitie sahihi kwa fulana wala kwa nauli. Waulizeni maneno matatu. Umefanya kazi gani tunayoweza kwenda kuitazama? Ni nani aliyekupinga, ukamsikiliza? Maji ya Rufiji utayaendeshaje? Majibu hayo wapeni wajumbe wetu waende nayo Dodoma, na wakirudi watueleze walipima nini. Mjumbe ni wetu, si wa mgombea.

Ndugu zangu, mlinzi wa shamba hatumpandishi dunguni kwa uzuri wa sauti yake. Tunampandisha kwa sababu anakesha, na nguruwe akiingia mpunga anasikia. Rais naye tumchague hivyo hivyo.

Kidumu chama!