Keshia Anapopanda Mgeta



Foleni ya benki aliyoizoea mtu wa Morogoro mwisho wa mwezi, ile iliyokuwa ikitoka hadi nje ya mlango, imefupika. M-Pesa iliingia nchini mwaka 2008, Benki Kuu ikatoa mwongozo wa uwakala wa benki mwaka 2013, na leo muuza kabichi wa Mgeta, kwenye milima ya Uluguru, anaweka fedha zake dukani kwa jirani bila kushuka mjini. Ni nafuu kubwa kwake. Ila upande wa pili wa kioo cha benki yupo keshia, pengine mhitimu wa Mzumbe hapo jirani, ambaye kazi aliyoajiriwa kuifanya inazidi kupungua. Siku moja anakabidhiwa barua: kuanzia mwezi ujao, wewe ni afisa mikopo.

Barua imempa cheo. Kazi atafundishwa na mwenzake, au hatafundishwa na yeyote.

Keshia hufunga mahesabu kila jioni. Fedha iliyomo kwenye droo ikipishana na mfumo, hata kwa elfu kumi, haondoki mtu. Kosa linajulikana siku hiyo hiyo. Kwa afisa mikopo mambo ni tofauti. Mkopo uliotolewa vibaya mwezi Machi unaweza kuonekana safi hadi Septemba, marejesho yanapokatika. Aliyezoea kwenda kulala akijua amebalansi, sasa analala na majina ya watu kichwani. Kozi ya wiki moja Dar es Salaam itampa fomu na kanuni, na ni vizuri aende. Ujasiri wa kuishi na wasiwasi ule ataupata kwa aliyewahi kuupitia, wakinywa chai ya saa nne, anapoambiwa: hata mimi mkopo wangu wa kwanza ulinisumbua, lete hilo faili tulitazame.

Halafu kuna mlima wenyewe. Kwa Waluguru ardhi nyingi ni ya ukoo, na ukoo hufuata upande wa mama. Mwanamume unayemkuta akipalilia karoti Nyandira anaweza kuwa analima ardhi ya ukoo wa mkewe, kwa ridhaa ya wakubwa wa ukoo huo. Shamba linapendeza, mkulima ni mchapakazi, lakini hana mamlaka ya kuliweka dhamana. Afisa mgeni atauliza, "Shamba hili ni lako?" Atajibiwa ndiyo, na kwa anayelilima hilo ni jibu la kweli kabisa. Mwenzake mzoefu, akiwa ameketi naye hapo hapo, atamgeukia bibi aliye barazani: "Shikamoo, bibi. Shamba hili ni la upande wa nani?" Swali hilo linaokoa fedha ya benki, na linaiepusha familia na kesi ya miaka.

Na mazao hayalingani. Kabichi ya Mgeta huvunwa ndani ya miezi michache. Pilipili manga ya Matombo au Kinole inataka miaka kama mitatu ndipo ianze kumlipa mtu. Ratiba ya marejesho ya kila mwezi inayomfaa mwenye duka Msamvu itamkaba koo mkulima huyu, na ataitwa mdaiwa sugu kabla mche wake haujazaa.

Uluguru inakumbuka watu waliopanda na maagizo tayari mkononi. Mwaka 1955 wananchi wa Matombo waliikataa amri ya serikali ya kikoloni ya kuchimba matuta kwa lazima, hadi ghasia zikazuka na mpango ukaachwa. Lakini Mgeta, ambako mboga zilikuwa na soko, kilimo cha ngazi kipo hadi leo. Afisa anayepanda huko akiwa na mtu anayejua kusalimia, kuketi na kusikiliza amepewa mtaji ambao makao makuu hayawezi kuutuma kwa barua pepe.

Sasa, huyo anayempandisha mwenzake mlimani anapoteza nini? Anapoteza siku nzima. Ana malengo yake ya mwezi, ana mikopo chechefu ya kufuatilia, na mvua za masika zikikolea, barabara ya kutoka Sangasanga hairuhusu haraka. Jioni akirudi, hakuna safu kwenye fomu ya tathmini inayosema alifundisha. Tena anayemfundisha leo anaweza kuomba naye nafasi ile ile kesho. Ndiyo maana wapo wanaoficha maarifa, na sithubutu kuwaita wabaya wote. Wanapimwa mmoja mmoja, nao wanaishi hivyo hivyo. Lakini wale wanaofundisha pamoja na hayo yote wanastahili heshima yetu kubwa.

Niseme pia kwamba kumsaidia mwenzako si kumpa nywila yako akamilishe kazi, wala kusaini ripoti ya shamba ambalo hamkulifikia. Anayekupenda kazini atakurudisha ukalitazame.

Benki zetu zenyewe zimejengwa na watu waliobadilishwa kazi wakiwa njiani. Februari 1967, benki zilipotaifishwa baada ya Azimio la Arusha, wageni waliozisimamia waliondoka kwa wingi, na Watanzania wachache waliokuwa makarani na wasaidizi wakajikuta wanaendesha Benki ya Taifa ya Biashara. Mwaka 1997 benki hiyo ikagawanywa, NMB ikazaliwa, na maelfu ya watumishi wakaanza upya kwenye taasisi ambayo jana haikuwapo. Miaka ya karibuni tumemwona Ruth Zaipuna akitoka kuwa Afisa Mkuu wa Fedha wa NMB hadi kuiongoza benki nzima, mwaka 2020. Safari kama hiyo huandikwa magazetini. Ya keshia wa tawi haiandikwi popote, na yeye ndiye anayekutana na mkulima.

Kwa hiyo nawaomba mameneja wa matawi, hapa mjini, Kilosa na Ifakara: anayehamishwa dawati mpeni mwenzake mmoja anayejulikana kwa jina, na huyo mwenzake mpunguzieni malengo kwa miezi mitatu ya mwanzo. Siku walizopanda mlimani pamoja ziandikwe kwenye tathmini, zihesabiwe sawa na mikopo iliyotolewa. Na wewe keshia unayenisikiliza ukijiandaa kwenda kazini, usingoje barua. Mwombe kaka au dada wa mikopo akuchukue Jumamosi moja kabla masika hayajaanza, ubebe daftari, na siku hiyo usimwahidi mkulima yeyote chochote.