Tunanunua kwa Nani?

Hotuba kwa wanachama wa hekalu na majirani, Bagamoyo



Jambo tulilolichagua leo si la ibada. Ni la kapu la sokoni. Lipo neno ambalo majirani hutuambia kwa utani, na utani huo una kitu ndani yake: kwamba Wahindi wa Bagamoyo huuza Bagamoyo na kununua Dar es Salaam. Tumeona ni vema neno hilo lizungumzwe hapa uani mwa hekalu, kuliko liachwe barazani.

Mji huu ulistawi kwa watu waliojua mnunuzi anataka nini. H. M. Stanley, alipokuwa akiandaa msafara wake wa mwaka 1871, alijifunza kwamba shanga nyekundu zilipokewa Unyamwezi, na kwamba nyeusi zilikuwa fedha Ugogo lakini kwingineko hazikuwa na thamani yoyote. Mzigo uliochaguliwa vibaya ulibebwa mamia ya maili bila kumfaa mtu. Ndiyo maana wafanyabiashara kama Sewa Haji Paroo, ndugu yetu wa Kiismailia, walihitajika: walijua bidhaa, walijua wapagazi, na walikopesha. Tena faida yake haikwenda yote ng'ambo. Hospitali aliyoitolea fedha Dar es Salaam inakumbukwa hadi leo kwa wodi za Sewahaji pale Muhimbili. Kisha makao makuu ya Wajerumani yakahamia Dar es Salaam mwaka 1891, na Reli ya Kati nayo ikaanzia huko, si hapa. Mnunuzi akaifuata njia yake mpya. Bagamoyo, basi, imekwisha kuonja mara moja ladha ya kuachwa na wanunuzi.

Katika nyumba ya Kigujarati anayenunua ni mama, na mama hanunui kwa macho tu. Bamia huvunjwa ncha, mung'unye hubonyezwa kwa ukucha, nazi hutikiswa sikioni. Akimaliza kulipa hudai nyongeza: kishada cha kotmiri, pilipili mbili tatu. Desturi hiyo ipo Rajkot, ipo soko la Kisutu, na hapa kwetu imekutana na mwenzake, kwani mama anayeuza mchicha haoni vibaya kuombwa nyongeza, angeshangaa asipoombwa. Wauza nazi wetu nao wanajua kwamba nazi ya puja haifuliwi ikawa tupu, huachiwa kishungi cha makumbi kichwani. Hawakufundishwa darasani. Wateja ndio waliowafundisha.

Yapo pia manunuzi ya sikukuu. Siku mbili kabla ya Diwali, yaani Dhanteras, mwenye uwezo hununua dhahabu, na asiye nao hununua hata kibakuli, maana chombo kipya cha madini huikaribisha heri nyumbani. Lakini kwa mfanyabiashara kilichokuwa kikubwa zaidi ni Chopda Pujan, ibada ya kuvibariki vitabu vya hesabu vya mwaka mpya. Wengi hapa mnakikumbuka kitabu chekundu kilichokaa juu ya meza ya duka. Ndani yake yalikuwamo majina ya watu wa Dunda, wa Magomeni, wa Kaole. Wavuvi waliokopa unga wakati wa kusi na kulipa bahari ilipotulia. Watu huukumbuka upande huo mmoja. Upande wa pili tulidaiwa sisi: maziwa ya mwezi mzima, kuni, machungwa, ujira wa fundi cherehani. Mkopo ulikwenda pande zote mbili kwa sababu manunuzi yalikwenda pande zote mbili.

Miaka ya dhiki hatutaieleza kirefu. Mwaka 1976 ilipita Operesheni Maduka, mwaka 1983 msako wa wahujumu uchumi. Sukari na sabuni zilipopatikana zilikuwa za foleni, na katika foleni mwenye duka na mteja wake walisimama pamoja. Tangu mwaka 1984, ilipoanza kuruhusiwa kuagiza bidhaa kwa fedha za mtu mwenyewe, uchaguzi ulirudi kidogo kidogo.

Leo uchaguzi umejaa hadi unachosha. Familia changa hupanda gari Jumamosi, hupita Kerege na Bunju, na hurudi jioni na mboga zilizofungwa kwa plastiki. Lililo la ajabu zaidi ni nanasi. Nanasi la Kiwangwa hupita mlangoni petu likienda Dar es Salaam, nasi tunalifuata huko, tunalinunua, tunalirudisha Bagamoyo kwa petroli yetu. Hesabu ya namna hiyo isingepita katika kitabu cha babu.

Hata hivyo, vijana tusiwaonee. Wanafuata unga wa chapati usio na wadudu, bei iliyoandikwa, na risiti isiyoombwa mara mbili. Duka linalojibu "hakuna" kila siku linamfukuza mteja lenyewe. Na maduka makubwa nayo si mwamba: Shoprite iliondoka nchini mwaka 2014, Uchumi mwaka 2015, na Nakumatt haikukaa sana baada yao. Huko India kwenyewe, katika miji mikubwa, watu huagiza mboga kwa simu na kuzipata kwa dakika chache, na wenye maduka madogo ya mtaani wanalalamika kama sisi.

Anayedhani kapu la mtu mmoja halina uzito na awaulize wakulima wa Lindi na Mtwara. Mbaazi zao ndizo dali ya jikoni Mumbai na Ahmedabad. India ilipoweka kikomo cha kuziagiza mwezi Agosti 2017, bei shambani iliporomoka, na waliokuwa wamevuna walibaki na magunia.

Kwa hiyo tuna maombi mawili. Kwa wenye maduka wenzetu: wekeni daftari lingine mezani, la kuandika kila kitu ambacho mteja amekitaka akakikosa, mlisome kabla ya kuagiza mzigo. Kwa familia za hekalu: mboga, matunda, nazi na maua ya wiki yanunuliwe hapa mjini. Samaki wengi wetu hatuli, wavuvi mtuwie radhi.

Kamati ya chakula imekwisha kuanza. Mchele wa leo ni wa Ruvu, mananasi ni ya Kiwangwa, nazi ni za soko letu, na wauzaji wote wamelipwa jana jioni. Nao wapo hapa, safu ya tatu. Wapewe sahani kwanza.