Asiyeandikwa Hana Fungu
(Hotuba ya kamati, iliyosomwa mbele ya wanachama na wageni siku ya kuadhimisha miaka kumi ya kikundi)



Habari za akiba na mikopo mweka hazina ameshazieleza. Sisi wa kamati tumepewa dakika chache tu, na tungependa kuzitumia kusema juu ya hesabu nyingine, nayo ni sensa.

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Hapa kwetu kila shilingi inaandikwa pamoja na jina la mwenyewe. Mama ambaye jina lake halimo kitabuni, siku ya mgao hana la kudai, hata kama sote twamjua. Serikali nayo ina kitabu chake. Pesa za kaunti zikigawanywa, idadi ya watu ni kipimo kimojawapo. Mipaka ya maeneo ya ubunge na ya wadi pia hufuata idadi. Basi waliorukwa na sensa wamerukwa kwa miaka kumi.

Na sisi wa nyumba za mabati ndio rahisi kurukwa. Ploti moja ina vyumba ishirini na lango moja. Karani akibisha, anayefungua anajibu kwa niaba ya wote, na hajui nani analala chumba cha mwisho. Mpangaji mmoja anaogopa kufukuzwa, mwingine hana kitambulisho, mwingine yuko zamu ya usiku. Tena wako wanaoamini mtoto akihesabiwa atapatwa na mabaya.

Mnakumbuka Kibera? Watu walizoea kusema ina watu milioni moja. Sensa ya 2009 ikatoa 170,070. Wengine walisema wakazi wamerukwa, wengine wakasema ile milioni ilikuwa ya kukisia tu. Sisi twaona jambo moja: mwenye kukisia hashindani na mwenye daftari. Wala kuongeza majina si dawa. Sensa hiyohiyo, matokeo ya wilaya 8 za kaskazini yalifutwa mwaka 2010 kwa sababu idadi ilikuwa imezidi mno.

Dawa wameionyesha wenzetu wa Muungano wa Wanavijiji, ulioanza mwaka 1996 na unaosimama juu ya vikundi vya akiba kama hiki. Wao walihesabu vijiji vyao wenyewe, mlango kwa mlango. Mwaka 2017 kaunti ya Nairobi ilipotangaza Mukuru kuwa eneo maalum la kupangwa, hesabu ilionyesha kaya zaidi ya 100,000. Mazungumzo ya barabara, maji na choo yakawa na msingi.

Nasi mwaka 2019 tulijaribu. Kabla ya usiku wa tarehe 24 Agosti tuligawana ploti, kila mama na majirani zake. Ujumbe ulikuwa mfupi: karani ameapa kutunza siri, majibu yako hayaendi kwa mwenye nyumba, kitambulisho si lazima, aliyelala hapa ahesabiwe hapa. Waliokuwa kazini tuliwaambia wasikate tamaa, maana makarani walizunguka mpaka tarehe 31. Mlango uliofungiwa mgeni ulifunguliwa jirani alipoita, "Mama Fulani, ni sisi."

Akina mama, sensa huja kila baada ya miaka kumi, na 2029 si mbali. Tunawaomba neno moja. Kila mwanachama aijue ploti yake: mtoto mchanga wa juzi, nyanya mgonjwa asiyetoka, kijana anayelala kibandani kwa biashara. Hao ndio husahauliwa kwanza, na hao ndio wanaohitaji zahanati na shule kuliko sisi tulioketi hapa.

Miaka kumi tumelinda kitabu chetu kisipoteze hata shilingi. Sasa tusikubali kupoteza mtu.