Mshipa wa Fahamu Uliobanwa: Dalili Zake na Maana Yake



Mkulima huinama shambani kutwa, na jioni huinua gunia la mahindi. Mara husikia kiuno kimekatika. Kesho yake maumivu yameshuka, yamepita takoni na nyuma ya paja hata wayoni, na mguu wachomwachomwa kama kwa sindano. Jirani mmoja atasema, "Amerogwa." Mwingine atamshauri achanjwe chale mguuni. Lakini mguu wenyewe hauna ugonjwa. Ugonjwa uko mgongoni.

Katika uti wa mgongo hutoka jozi 31 za mishipa ya fahamu. Kazi yake ni kama ya nyaya za simu: hupeleka amri kwenye misuli, na huleta habari za maumivu, joto na baridi. Baina ya pingili za mgongo mna vitu laini mfano wa mito. Mto mmoja ukipasuka na kutokeza, huweza kuubana mshipa ulio karibu nao. Jambo hili lilielezwa wazi mwaka 1934 na madaktari wawili wa Boston, Marekani, Mixter na Barr. Waya ukiharibika njiani, mkwaruzo husikika mwishoni. Vivyo hivyo mshipa ukibanwa kiunoni, maumivu husikika mguuni, na ukibanwa shingoni, husikika mkononi.

Mshipa huweza kubanwa hata katika kifundo cha mkono. Mwenye kupatwa na hayo huamka usiku vidole vimekufa ganzi: gumba, cha shahada, cha kati na nusu ya cha pete. Kidole cha mwisho hakina neno. Hali hii huwapata sana watumiao mikono kwa nguvu kazini, na wanawake wenye mimba.

Basi dalili zake ni hizi: maumivu yanayosafiri na kuzidi mtu akikohoa, ganzi, na udhaifu, hata kikombe kikamponyoka au mguu ukaburuta. Wengi hupona katika majuma machache wakiacha mizigo mizito na kuendelea kutembea kidogo kidogo. Kulala kitandani siku nyingi hudhoofisha misuli. Udhaifu ukizidi, au pakiwa na homa na kukonda, yafaa kumwona daktari upesi.

Lakini ziko dalili tatu zisizongoja asubuhi: kushindwa kukojoa au kuzuia haja, ganzi sehemu za siri na baina ya mapaja, na miguu yote miwili kulegea. Moja tu ikitokea, mgonjwa apelekwe hospitali saa ile ile. Akicheleweshwa, aweza kubaki hivyo maisha yake yote.

Mambo hayo ni ya aibu kutajwa mbele za watu. Lakini daktari asiyeambiwa hawezi kujua, na wahenga walikwisha kusema: mficha uchi hazai.